Mzungu wa Kazi

Habari za wamisionari wa zamani mara nyingi husimuliwa kwa vifo vyao. Twajua ya kuwa Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ya Chitambo, na ya kuwa Askofu Hannington aliuawa huko Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Lakini siku zao nyingine, zile nyingi ambazo hakuuawa mtu wala hakuonekana ziwa jipya, hizo hatuzijui sana. Kijana aliyeacha kwao akaja kukaa katika nchi asiyojua lugha yake, alifanya nini tangu kucha hata kuchwa? Alikula nini, naye alikipata vipi? Wenyeji walimwona mtu wa namna gani?

Jioni hii twataka kumtazama mmoja wao, Alexander Mackay, aliyekaa Buganda tangu mwaka 1878 hata 1887. Tumemchagua kwa kuwa aliandika barua nyingi sana kwa baba yake na ndugu zake, na dada yake akazitengeneza kuwa kitabu baada ya kufa kwake. Tena tumemchagua kwa kuwa hakuwa padre. Alikuwa fundi wa mitambo, na kabla ya kuwa fundi alisoma katika chuo cha ualimu. Sisi ambao kazi yetu ni kuwafunza walimu, twaona ya kuwa mambo yake yatuhusu kwa karibu.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Baadaye kijana aliingia chuo cha walimu mjini Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi katika kiwanda cha mitambo. Mwezi wa Novemba 1875 gazeti la London lilitoa barua ya Stanley, msafiri mashuhuri, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu, na ya kuwa anayefaa si mhubiri mtupu bali mtu ajuaye kujenga, kulima na kutibu. Mackay alijitoa, na chama cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza kikamkubali. Aliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Katika mkutano wa kuwaaga, Mackay aliwaambia wakubwa wa chama maneno ambayo hawakuyatazamia. Aliwaambia ya kuwa wao ni vijana wanane, na yamkini kabla ya miezi sita watasikia mmoja wao amekufa. Basi siku hiyo wasivunjike moyo, walete mwingine mara moja. Walifika Unguja tarehe 29 Mei. Mwezi wa Agosti mmoja wao, James Robertson, alikuwa amekwisha kuzikwa. Kabla ya mwaka 1877 kwisha watatu wengine walikuwa wamekufa, na wengine wakarudi kwao kwa maradhi. Baada ya mwaka 1879, kati ya wale wanane alikuwa amesalia Mackay peke yake.

Hapa na tuseme neno moja ambalo husahauliwa sana. Mwalimu wa kwanza wa kuisoma Biblia mbele ya Mutesa siku kwa siku hakuwa Mzungu. Alikuwa kijana wa Kiafrika, Dallington Maftaa, aliyepata elimu yake Unguja katika shule ya misheni chini ya Dakta Steere. Alifuatana na Stanley, na mwaka 1875 akaachwa huko Buganda amsomee Kabaka. Barua ya Kiingereza ambayo Mutesa aliwapelekea Wazungu kuwaita iliandikwa kwa mkono wake. Naye pia alikuwa kijana katika nchi ya ugeni, mbali na rafiki zake, hana chama cha kumletea nguo wala dawa. Laiti tungalikuwa na barua zake nyingi kama tulivyo nazo za Mackay.

Njia ya kwenda bara wakati huo ilikuwa njia ya miguu, tena nyembamba, na mizigo yote ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Merikani, kaniki, ushanga, nyundo, misumari, hata mashua nzima iliyokatwa vipande, iliyoitwa Daisy, vyote vilichukuliwa hivyo. Mackay alishikwa na homa kali mara ya kwanza tu alipofika upande wa Ugogo, ikambidi arudishwe pwani. Alipopona alipewa kazi ya kutengeneza barabara kutoka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230. Mwaka 1877 aliifanya. Kwa shoka, panga, misumeno na majembe alikata msitu pamoja na watu wake, wakajaza mabonde, wakatandika magogo juu ya vijito. Kisha akaleta magari ya ng'ombe, na hapo mbung'o wakawauma ng'ombe, wakafa karibu wote. Barabara ilikuwako, lakini wa kuvuta magari hawakuwako. Twadhani mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye aliandika hesabu ya hasara, akaendelea na wapagazi kama watu wote.

Lakini kazi ile ya barabara ilimpa kitu ambacho mbung'o hawakuweza kukiua, nacho ni Kiswahili. Alikuwa na vitabu vya Dakta Steere, lakini lugha yenyewe aliipata kwa wakataji wa miti na wapagazi, katika kutaka maji, katika kugombana juu ya posho, katika kusimuliana habari motoni usiku. Mwezi wa Novemba 1878 alipofika kwa Mutesa hakuhitaji mkalimani wa pwani. Kabaka alijua Kiswahili, na wakuu wengi wa baraza walikielewa. Basi Injili aliyoisoma mbele yao Jumapili ilikuwa ya Kiswahili, ikageuzwa Kiganda papo hapo kwa ajili ya wengine. Watu husahau ya kuwa lugha yetu ilikuwa daraja huko kabla Kiganda hakijawa na kitabu chake.

Safari ya kuvuka ziwa ilikuwa somo jingine. Mwezi wa Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe katika ugomvi baina ya mfalme Lukonge na mfanya biashara Songoro. Mackay alipofika Kagei mwaka 1878 alikwenda Ukerewe bila silaha kuonana na Lukonge, ingawa watu wake walimlilia asiende. Akarudi salama, na urafiki ukapatikana. Kisha akaitengeneza Daisy, ambayo mbao zake zilikuwa zimepasuka kwa jua, akatweka pamoja na mwenziwe Wilson. Dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi ya ziwa. Mashua ilivunjika vibaya, hata Mackay akaona shauri ni moja tu: akaikata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuunga tezi na omo. Kazi hiyo iliwachukua yapata majuma manane, wakafika Buganda katika chombo kifupi kuliko kile walichoondoka nacho.

Sasa twafika Natete, karibu na mji wa Kabaka, ambako wamisionari walipewa mahali pa kukaa. Mwanzo jengo kuu la Mackay lilikuwa kiwanda. Humo mlikuwa na mivukuto, fuawe, jiliwa, kerezo na jiwe la kunolea lililozungushwa kwa gurudumu. Baganda ni mafundi wa chuma tangu zamani, wala hawakustaajabia moto na nyundo; walilolistaajabia ni gurudumu. Wakubwa kwa wadogo walikuja kulitazama likizunguka. Hata siku alipochimba kisima akatia bomba, na maji yakaruka juu, watu walipiga kelele ya kuwa Mackay ni lubaale, yaani mzimu mkuu. Yeye akawaambia sivyo. Bomba ni kama ule mrija wanaonywea pombe, tofauti ni kwamba ulimi wake ni wa chuma. Katika jibu lile twamwona mwalimu aliyesoma ualimu. Hakutafuta mfano kwao Scotland. Aliuchukua katika kibuyu cha wasikilizaji wake.

Msidhani ya kuwa kazi hii ya mikono ilikuwa mchezo wa kupitisha wakati. Kwanza ilikuwa ya chakula. Shehena za pwani zilikawia miezi mingi, nyingine ziliibiwa njiani, na Kabaka aliyekuwa akiwapelekea ndizi na mbuzi siku za furaha, siku za hasira hakuwapelekea kitu. Sokoni fedha ilikuwa kauri. Mtu asiye na kauri wala nguo sharti awe na ufundi. Mackay alitengeneza majembe na visu na vyombo vilivyovunjika, akapata chakula chake kwa jasho. Aliyafanya hayo mbele ya wakuu waliodhani ya kuwa kazi ya mikono ni ya watumwa na wanawake. Alipomwona mtu aliyekuja kukaa tu na kutazama, alimpa kitu cha kushika. Ndipo akaitwa Mzungu wa kazi.

Wakati huo huo kiwanda kilikuwa shule. Vijana wa ikulu walikuja na karatasi zao za kusomea, wakasimama kando ya meza ya fundi, mmoja akisoma kwa sauti na Mackay akimsahihisha huku randa ikienda. Karatasi hizo yeye mwenyewe alizipiga chapa. Hakuwa na herufi za kutosha, basi alichonga herufi za mti kwa kisu, na baadaye akasubu za madini. Mwalimu wa leo anayelalamika kwa kukosa chaki, na sisi tu miongoni mwao, na afikiri kidogo jinsi ilivyo kuchonga alfabeti nzima kabla ya kufundisha herufi moja. Usiku, wageni walipokwenda zao, ndipo alipokaa na taa kufasiri Injili kwa Kiganda, akiuliza neno moja kwa watu wanne watano.

Mwaka 1881 kijana mmoja jina lake Sembera alimletea barua. Hakuwa na kalamu. Aliiandika kwa kijiti cha nyasi kilichochongwa, kwa wino ambao alijitengenezea mwenyewe. Barua ilikuwa ya Kiswahili, na ndani yake Sembera aliomba kubatizwa, kwa kuwa ameamini maneno ya Yesu Kristo. Tarehe 18 Machi 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne, wa kwanza wa misheni hiyo katika Buganda. Mackay kwa kuwa si padre hakuwabatiza yeye. Mwenziwe O'Flaherty ndiye aliyefanya hivyo. Sembera akachagua jina la ubatizo, akaitwa Sembera Mackay.

Mwaka huo huo alikufa mama yake Kabaka, Namasole, na Mutesa akaagiza Mackay amtengenezee jeneza la kuzidi majeneza yote. Yakawa matatu, moja ndani ya jingine, la katikati likiwa la shaba nyekundu iliyofuliwa kwa sinia na vyombo vya Kabaka, na la nje lilikuwa kubwa kama chumba cha nyumba. Bafta isiyo na hesabu ilizikwa pamoja na maiti. Kwa muda wa majuma kadha wa kadha masomo yalipungua, nyundo zikalia mchana na usiku, na wahunzi wa Kabaka walifanya kazi chini ya mkono wake. Wengine wamemlaumu kwa kupoteza siku zake katika fahari ya wafalme. Sisi hatumlaumu. Mgeni aliyewasaidia watu kumzika mama wa nchi yao amefanya jambo ambalo halisahauliki upesi, na wahunzi waliofua pamoja naye walimjua baada ya hapo kuliko waliomsikia akihubiri mwaka mzima.

Si kila siku ilikuwa ya kazi. Siku nyingi zilipotea barazani. Mtu alingoja saa nyingi nje ya ua, akisikiliza ngoma, asijue kama ataitwa au atarudishwa. Huko ndani walikuwako Waarabu, wenye dini yao na biashara yao, na tangu mwaka 1879 walikuwako mapadre wa Kifaransa, na Mutesa alipenda kuwashindanisha wote kama mtu anayetazama vita vya majogoo. Mackay alikuwa mwepesi wa maneno, tena mkali. Zile barua zake juu ya Waarabu na juu ya mapadre twazisoma kwa huzuni kidogo. Mtu aliyekuwa na subira ya kuchonga herufi ndogo hakuwa na subira na Mkristo mwenziwe. Baganda waliosikiliza mabishano yale waliuliza swali la haki: je, kila taifa la Wazungu lina Mungu wake?

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala akiwa kijana. Tarehe 30 Januari 1885 Mackay na mwenziwe Ashe walishika njia ya ziwani, wakiwa na ruhusa, pamoja na vijana wao. Askari wa Mujasi waliwazuia njiani, wakawarudisha Wazungu kwa nguvu, wakawashika vijana. Jitihada ya kuwaombea haikufaa kitu. Kesho yake vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikatwa mikono, wakachomwa moto. Lugalama alikuwa mtoto mdogo, aliyelelewa katika nyumba ya misheni.

Mtu akisoma habari hizi hutazama moto. Sisi twawaomba mtazame asubuhi ya pili yake pale Natete. Karatasi za kusomea zilikuwako mezani. Mackay alijua, tena alijua bila shaka yoyote, ya kuwa kosa la watoto wale lilikuwa kuonekana pamoja naye na kujua alichowafundisha. Kila kijana atakayekuja mlangoni na kuomba kusoma atakuwa amejiandika katika hesabu ya Mujasi. Je, ni halali kumfundisha? Kumfukuza si kumwokoa, na kumkaribisha yamkini ni kumwua. Katika chuo chetu tumewauliza wanafunzi swali hili mara nyingi. Wengine hujibu upesi, na hao hatuna raha na majibu yao.

Mackay mwenyewe hakuacha jibu la kinaganaga, lakini aliacha matendo. Hakuwaita vijana, wala hakuwafungia mlango. Waliokuja usiku alisoma nao usiku. Mwezi wa Julai mwaka ule, yeye na wenziwe walichagua baraza la wazee wa Kiganda ili kanisa liwe na watu wake hata Wazungu wakiuawa au wakifukuzwa. Akaendelea kupiga chapa, mtambo ukifanya kazi zaidi kuliko zamani, maana karatasi iliweza kufichwa katika nguo ya magome ya mti na kwenda mahali ambapo mwalimu hakuweza kwenda. Baada ya kuuawa kwa Hannington, yeye na Ashe walipiga chapa barua ndogo ya Kiganda kuwatia moyo waumini. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa huko Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, na katika moto ule hakuna aliyewauliza walikuwa wa misheni gani.

Mwezi wa Agosti 1886 Ashe aliondoka. Mackay akabaki bila mwenzi wa misheni yake kwa karibu mwaka mzima. Mwanga hakumruhusu kwenda, kwa kuwa alimhitaji fundi wake, wala hakumwamini. Barua za wakati ule zaonyesha mtu aliyechoka, anayetaka serikali ya Kiingereza inyoshe mkono. Lazima tuseme hivyo wazi, kwa kuwa baadhi ya wanaomsifu hupita hapo kimya. Mkono huo ulikuja, akiwa yeye amekwisha kufa, na mwaka 1894 Uganda ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Kama angaliyapenda yote yaliyofuata ni jambo jingine.

Mwezi wa Julai 1887 alitoka Buganda, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa. Hapo alianza upya: akajenga nyumba, akapasua mbao, akasimamisha mtambo wa chapa. Mwezi wa Machi 1888 alimzika hapo Askofu Parker. Wakimbizi wa Kiganda walimfuata, wakasoma. Mwaka 1889 Stanley, ambaye barua yake ndiyo iliyomtoa Ujerumani, alipita akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, akakaa hapo majuma kadha. Alikuta chumba chenye vitabu, gari, ng'ombe waliofunzwa kuvuta, na vyuma vya mashua ya mvuke ambayo Mackay alikuwa akiiunda kwa ajili ya ziwa. Miaka zaidi ya 13 ilikuwa imepita tangu aondoke kwao, naye hajarudi hata mara moja. Chama kilimtaka aende akapumzike, yeye akajibu kwamba huu si wakati wa kuacha kazi, walete watu kwanza.

Homa ilimshika mwanzoni mwa Februari 1890, akafa tarehe 8, akiwa na umri wa miaka 40. Mashua ilikuwa haijakwisha. Sembera Mackay aliishi karibu miaka miwili zaidi, akauawa kwa risasi katika vita vya Mengo tarehe 24 Januari 1892, Wakristo wakipigana na Wakristo. Mackay alizikwa kwanza pale Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilipelekwa Namirembe.